Kitabu Tulichokichimba kwa Mwethya

Vijana wangu, kabla hamjaanza kuniheshimu, jueni kwamba niliwahi kukikata kitabu cha maktaba kwa kisu cha jikoni. Nilikikata mchana kweupe, meza safi, mikono safi, nikijiona mjanja kupindukia. Nilikuwa mkutubi miaka thelathini na mitatu, kwanza Kitui mjini, kisha Tawa kwa muda mfupi, na mwisho Kalamba. Miaka hiyo yote niliwakaripia watoto kwa kosa la kukunja pembe ya ukurasa, halafu mimi mwenyewe nikashika kisu. Nawaeleza haya kwa sababu kila mkinitembelea mnaniuliza kama kazi yetu bado ina maana, siku hizi ambapo simu inajibu kila swali.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Hamisi. Babu yake alitoka pwani akafungua duka Kitui, na Mzee Hamisi mwenyewe alizaliwa pale pale mjini, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka ukaona haya kufungua mdomo mbele yake. Siku yangu ya kwanza nilimwambia, "Mzee, kitabu ingine imeanguka." Akanitazama juu ya miwani yake, akasema kwa upole, "Haikuanguka, mwanangu. Imesikia unavyoiita, ikajitupa." Wiki nzima wenzangu walivunjika mbavu kwa ajili yangu.

Lakini mzee huyo alikuwa fundi, na mimi nilimpenda kama baba. Alinifundisha kupika gundi ya unga wa ngano na kutia shabu kidogo ili mende wasije wakakifanya kitabu karamu. Alinifundisha kupaka uzi nta kabla ya kushona, maana uzi mkavu unakata karatasi. Na alinifundisha jambo ambalo hakuna chuo kilichonifundisha baadaye: swali analokuja nalo mtu mlangoni silo swali lililomtoa nyumbani. Siku moja bwana mmoja aliomba kitabu cha nyoka. Nikampa kikubwa chenye picha za rangi, nikajipongeza. Mzee Hamisi akamvuta kando, wakaongea kidogo, ikawa kumbe nyumbani mayai yanapotea, mke anamshuku mama mkwe, na bwana yule alikuwa anaomba Mungu iwe ni nyoka. Akapewa kitabu chembamba cha ufugaji wa kuku chenye sura moja juu ya wezi wa mayai, akaenda zake anatabasamu.

Kila Ijumaa Mzee Hamisi aliniuliza, "Wiki hii umemaliza kitabu gani?" Mimi nilikuwa na ujanja wangu. Nilisoma jalada la nyuma, yaliyomo na sura ya kwanza, nikamsimulia kwa madoido. Yeye alitikisa kichwa tu, akasema, "Vizuri." Nilidhani nimemweza. Niliendelea na ujanja huo hata baada ya yeye kustaafu, mpaka Kalamba, mpaka siku alipoingia Syombua.

Syombua, ambaye wote tunamwita Mama Mumo, ni mkulima. Maktaba yetu ya Kalamba ilikuwa chumba kimoja kando ya soko, rafu nne na meza mbili, na yeye alikuwa akija kusoma magazeti siku ya soko. Siku hiyo hakugusa gazeti. Alisimama mbele ya meza yangu, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu.

"Mwalimu," akasema, maana wote pale waliniita hivyo, "nataka kitabu ya kuniambia hii mashine inajuaje."

"Mashine gani, Mama Mumo?"

Akatoa simu. Wakulima wa huku walikuwa wameletewa huduma fulani: unapiga picha jani la mti wako, unaituma, na akili unde inakujibu mti unaugua nini. Yeye alikuwa na michungwa arobaini, aliyoipanda na marehemu mume wake, wakiimwagilia kwa maji ya kubeba kichwani miaka ya mwanzo. Majani yalikuwa yameanza kuwa manjano. Akapiga picha mti wa kwanza, wa pili, mpaka wa arobaini, na kila mti jibu likawa moja: ni ule ugonjwa ambao wakulima wote hapa wanauita greening, hauna dawa, ng'oa mti uchome usije ukaambukiza mashamba ya jirani.

"Imeona jani kwa picha," akasema. "Haijashika shina, haijaonja chungwa. Mimi sikatai. Nauliza tu, inajuaje?"

Vijana, nimepokea maswali mengi mezani pale, lakini hilo lilikuwa swali la mtu mzima. Mimi nikafanya nini? Nikampa kijitabu cha watoto kuhusu kompyuta. Kesho yake asubuhi alikirudisha.

"Hii ni ya kuwasha na kuzima," akasema. "Mimi simu yangu nawasha kila siku."

Ndipo nikakumbuka kwamba katika sanduku la vitabu vya msaada kulikuwa na kimoja kinene cha Kiingereza, kurasa mia mbili na arobaini, kinachoeleza akili unde na jinsi inavyobadilisha maisha ya watu hospitalini, mahakamani, viwandani na mashambani. Hakuna aliyekuwa amekiazima. Mama Mumo alikaa nacho, akapitisha kidole kwenye yaliyomo, midomo ikicheza.

"Kizungu yangu iliisha class seven," akasema hatimaye. "Lakini hii si ngumu, Mwalimu. Ni ndefu tu. Na miti inang'olewa Alhamisi, si hii, ile ingine. Majirani wananiomba kwa heshima, na mimi nimeshawapa neno yangu. Peke yangu siwezi kuimaliza."

Kisha akasema neno ambalo mpaka leo likinijia natabasamu: "Wacha niite mwethya."

Kama umekulia mjini, mwethya ni kikundi cha majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu. Leo tunachimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, kwangu, kesho kwako. Sheria zake ni chache lakini hazichezewi. Kila mtu anapimiwa kipande sawa kwa kijiti kile kile, na asiyekuwepo anaachiwa kipande chake akichimbe akirudi, kwa sababu mtaro wenye pengo mvua ya kwanza tu inaubomoa. Basi kesho yake wakaja wanawake wanane, Mama Mumo akiwemo, wakakaa mezani kwangu kama wanaotaka kupimiwa udongo. Nilipendekeza wagawane kwa sura.

"Sura ya kwanza ni kurasa kumi, ya nne ni arobaini," akasema Mama Tabitha, karani wa kanisa, ambaye hesabu haimpiti. "Mwalimu, hiyo ni upendeleo. Pima."

Basi tukapima: kurasa mia mbili na arobaini, watu wanane, kila mtu thelathini, popote pale zitakapoangukia. Kitabu kilikuwa kimoja tu. Kutoa kopi kitabu kizima ni kinyume cha sheria, na onyo hilo nilikuwa nimelibandika ukutani kwa mkono wangu. Ndipo nikaazima kisu hotelini kwa jirani, nikakata mgongo wa kitabu vipande vinane. Mtu anaogopa kutoa kopi, halafu anachinja kitabu chenyewe! Lakini wakati ule niliona nimevumbua kitu.

Zile siku kumi zilizofuata ndizo bora katika kazi yangu yote. Kamusi yetu moja ilipangiwa zamu. Mmoja alisomea kwenye foleni ya kusaga mahindi, mwingine alikuja amebeba ndengu kichwani na karatasi zangu kwapani. Walibishana juu ya maneno ambayo mimi nilikuwa nikiyapita tu. Kanini, aliyewahi kufundisha chekechea, ndiye aliyepata kipande cha nne, ukurasa wa tisini na moja hadi mia na ishirini. Kabla hajatoa ripoti yake, bintiye alijifungua katika mji mdogo wa Kwa Vonza, naye akafunga safari kwenda kumlea, kurasa zake zikiwa zimefungwa kwenye leso.

Jumanne wakakutana maktabani, wakasimulia mmoja baada ya mwingine, Kikamba na Kiswahili kikipokezana. Niliwatazama nikajawa na fahari. Wanawake hawa walieleza jinsi mashine inavyofunzwa kwa mifano maelfu kwa maelfu, vizuri kuliko nilivyowahi kusikia redioni. Mama Tabitha alikuwa na kipande cha tatu. Alieleza kwamba kuna mashine iliyoonyeshwa picha nyingi za magonjwa ya ngozi mpaka ikawashinda madaktari wazoefu. "Hapo ndipo mtaro yangu ikaisha," akasema, akakaa. Kipande cha tano kilianza na mambo mengine kabisa, kazi za viwandani.

Mama Mumo aliinamisha kichwa. "Kama inashinda daktari, mimi nani?" Kisha akanigeukia. "Mwalimu, kipande ya Kanini ina nini? Wewe umesoma yote."

Mimi, vijana wangu, nilikuwa nimesoma jalada la nyuma, yaliyomo na sura ya kwanza. Wanawake saba walikuwa wananitazama. Nikajibu kwa sauti ya mtaalamu, "Hakuna jipya. Yanaendelea tu na yale ya hospitali."

"Sawa," akasema. "Basi Alhamisi."

Alhamisi nilifunga maktaba nikaenda shambani kwake, kwa sababu kitu kilikuwa kinanikereketa na sikujua ni nini. Kazi ilikuwa imeanza mapema. Mama Mumo hakutaka mtu mwingine apige jembe la kwanza. Alipiga mwenyewe, kila mti, kisha wengine wakaingia. Kufikia saa nne miti mitatu ilikuwa imelala chini, mizizi juu, na machungwa madogo mabichi yametapakaa. Wakati huo boda ikasimama barabarani, akashuka Kanini kutoka Kwa Vonza. Akapongezwa kwa mjukuu, akashika jembe.

"Weka chini," Mama Mumo akamwambia. "Wewe hujachimba kipande yako."

"Aiya! Nimesikia Mwalimu alisema haina kitu mpya."

"Mwalimu alisema. Lakini mwethya ni mwethya. Soma."

Kanini akageuza karai akalikalia, akafungua leso. Alisoma Kiingereza polepole, sentensi moja moja, akitafsiri. Mwandishi alikuwa anaendelea na ile mashine ya magonjwa ya ngozi, kweli. Akasema ilifunzwa kwa picha za ngozi nyeupe, na ilipoletewa ngozi nyeusi ikakosea, na ikakosea kwa kujiamini vile vile, bila kusitasita. Mashine hizi, akasema mwandishi, hazijui zaidi ya zilichoonyeshwa, wala zenyewe hazijui kwamba hazijui. Kwa hivyo anayepewa jibu ana haki ya kuuliza ilionyeshwa nini, nani aliyeionyesha, na ikikosea ni nani atakayeumia.

Mama Mumo aliinama, akachuma jani kwenye mti ulioanguka, akalishika usawa wa macho.

"Hii yangu," akasema, "ilionyeshwa majani ya wapi?"

Hakungoja tujibu. Alipiga namba ya ile huduma, akaweka simu isikike na wote. Alipokea binti mmoja, na Mungu ambariki, kwa sababu hakumzungusha. "Mama, nikuambie ukweli," akasema, "picha nyingi zilitoka mashamba makubwa ya kumwagilia, mbali. Za Ukambani hatuko nazo nyingi. Na za wakati wa kiangazi ni kidogo sana."

Majembe yakawekwa chini. Mchana afisa wa kilimo wa wadi, tuliyempigia simu, akafika na pikipiki yake. Akatufundisha jambo ambalo nawapa bure leo: kunja jani katikati kwenye uti wake. Kama manjano ya upande huu yanalingana na ya upande ule, mara nyingi mti una njaa, udongo umepungukiwa. Kama mabaka hayalingani, ogopa. Lakini hata hivyo alisema jicho halitoshi, akachukua majani ya kila mti, ile mitatu iliyolala pia, akayapeleka kupimwa maabara. Wiki tatu Mama Mumo hakuja sokoni. Sikulala vizuri hata siku moja.

Majibu yalipokuja, miti tisa kati ya arobaini ilikuwa na ugonjwa kweli. Mashine haikuwa tapeli. Iliona kitu ambacho sisi hatukukiona, na bila hiyo tisa ile ingeua michungwa ya mtaa mzima. Mama Mumo aliing'oa ile iliyokuwa bado imesimama bila kunung'unika, akaichoma yote tisa. Miti thelathini na mmoja ilikuwa na njaa tu. Lakini katika ile mitatu ya Alhamisi, mmoja tu ndio uliokuwa mgonjwa. Miwili ilikuwa na njaa tu, ingepona.

Nilikwenda kwake nikamwambia ukweli. Nilimwambia sikuwa nimesoma zile kurasa, kwamba nilidanganya mbele ya watu kwa kuogopa aibu, na kwamba miti miwili imekufa kwa ulimi wangu. Nilitamani anitukane.

"Mwalimu," akasema, "mtu akikosa mwethya, anatozwa."

"Nitoze."

"Utatusomea hiyo kitabu. Wewe mwenyewe. Kutoka ukurasa ya kwanza mpaka ile ya mwisho, mbele yetu wote. Na ukichoka, utapumzika, halafu utaendelea."

Nilipika gundi, nikatia shabu, nikapaka uzi nta, nikakishona kitabu upya kikawa kigumu kuliko kilivyotoka kiwandani. Kisha kila Alhamisi nikawasomea. Ilinichukua miezi mitatu na nusu. Walinikatiza, walinirudisha nyuma, waliniuliza mambo ambayo jalada la nyuma haliwezi kujibu hata kidogo. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, na hapo ndipo nilipojifunza kusoma. Sijui Mzee Hamisi angesema nini. Labda angesema, "Vizuri," na safari hii angemaanisha.

Mnaniuliza kama simu itaimaliza kazi yenu. Mimi naipenda hiyo simu, msifikiri naichukia. Inanishangaza kila siku, na nawasihi mjue kuitumia kuliko nilivyojua mimi. Lakini msimpe mtu kitabu msichokisoma, na mkiulizwa mlichokiruka, semeni mmekiruka. Ni maneno mafupi sana na yangeokoa miti miwili.

Bado kuna jambo moja. Siku ile ya simu, yule binti wa huduma alikuwa amemwomba Mama Mumo amtumie picha za huku. Mama Mumo hakutuma picha moja tu. Kabla ya kuichoma ile tisa alikuwa amepiga picha majani ya miti yote arobaini, mti baada ya mti, pamoja na yale aliyokuwa ameyahifadhi ya ile mitatu ya Alhamisi, na kwenye kila picha akaandika jibu la maabara: huyu mgonjwa, huyu ana njaa, huyu ana njaa. Kisha akawaamuru wenzake saba wafanye vivyo hivyo kwao, kiangazi na masika, kwa zamu, kila mtu idadi sawa.

Mwaka uliofuata, wiki chache kabla ya kustaafu, nilipita shambani kwake kuaga. Kulikuwa na mchungwa mmoja ulioanza kuwa manjano upande wa chini. Alichuma jani, akalilaza juu ya kiganja, akapiga picha mbele yangu, akatuma. Tulisubiri. Jibu lilipoingia alilisoma, akalisoma tena, kisha akanipa simu.

"Soma," akasema. "Soma mpaka mwisho."

Nikasoma kwa sauti: "Huenda mti huu una ugonjwa, au huenda una njaa ya udongo. Sina uhakika. Mwonyeshe afisa wa kilimo kabla ya kung'oa."

Mama Mumo aliichukua simu yake, akaifuta kioo kwa upindo wa leso, taratibu.

"Unasikia?" akaniambia. "Hiyo ni miti yangu miwili inaongea."

Nililia, vijana wangu, nimesimama pale katikati ya michungwa, na sikuona haya.